Munich au Alexandria: pete ya kushikilia lenzi ya jicho iandikiwe mkaguzi yupi?

Swali letu ni hili: ombi la hataza (patent, yaani ulinzi wa kisheria wa uvumbuzi) la kifaa kidogo cha jicho liandikwe kwa kumlenga mkaguzi wa Ulaya au wa Marekani? Tuanze na kifaa chenyewe, maana hoja zote zitakizunguka hicho. Daktari anapotoa mtoto wa jicho, huondoa lenzi iliyoingia ukungu na kukiacha kifuko chake. Kifuko hicho kina upana wa takriban milimita 10, na ukuta wake wa nyuma ni mwembamba wa maikroni chache tu. Ndani yake ndimo lenzi mpya inamowekwa. Kifuko kimening'inizwa kwa nyuzi nyembamba zinazokizunguka pande zote, na hapo ndipo shida inapoanzia: mtu aliyewahi kupigwa vibaya jichoni, au mwenye ugonjwa wa Marfan, ule wa kurithi unaodhoofisha tishu za mwili, nyuzi zake huweza kuwa zimelegea au zimekatika upande mmoja. Kifuko kinayumba, na lenzi uliyoiweka leo inaweza kuja kuinama au kuzama nyuma ya jicho.

Dawa iliyopatikana ni pete ya plastiki ya PMMA, iliyo wazi kama herufi C, yenye tundu kwenye kila ncha. Ikiwa huru ina kipenyo cha milimita 12 au 13 hivi. Inaingizwa ikiwa imebanwa, kisha inajipanua na kukiwamba kifuko kama ngozi ya ngoma. Pete hizi zilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1998 daktari Robert Cionni alieleza pete iliyoongezwa ndoano yenye tundu, inayotokeza mbele ya kifuko ili uzi upitishwe humo na pete ifungwe kwenye sklera, ule weupe wa jicho, bila kukitoboa kifuko. Baadaye daktari Ike Ahmed akaja na kipande cha pete badala ya pete nzima.

Utaona kwamba kila hatua ni ndogo. Ndoano moja. Tundu moja. Kipande badala ya duara. Kwa mgonjwa tofauti hiyo ni kubwa, lakini mkaguzi wa hataza anaona milimita mbili za plastiki mezani pake, na kazi yake ni kuuliza kama milimita hizo zinastahili ulinzi wa miaka 20.

Tuseme nawe unayo hatua inayofuata. Kuna ofisi mbili ambazo takriban kila mbuni wa vifaa vya macho huishia kuzifikiria: Ofisi ya Hataza ya Ulaya, EPO, yenye makao Munich, na ile ya Marekani, USPTO, iliyoko Alexandria (ya Virginia, si ya Misri). Msimamo wangu nautoa mapema: andika ombi lako kana kwamba Munich ndiyo itakayolisoma, hata kama utaliwasilisha Alexandria kwanza. Ombi lililoandikwa kwa ukali wa Ulaya hupita Marekani bila taabu kubwa. Lililoandikwa kwa ulegevu wa Marekani, likifika Ulaya, mara nyingi halirekebishiki. Lakini kuna hali moja inayobatilisha ushauri huu wote, nayo ndiyo swali la kwanza.

Umeshafungua mdomo?

Madaktari wa macho ni watu wa kushirikishana. Wanarekodi upasuaji, wanaonyesha video kwenye mikutano, wanabadilishana vifaa. Daktari Harold Ridley alipoweka lenzi ya kwanza ya bandia pale St Thomas' Hospital, London, tarehe 29 Novemba 1949, alikuwa amejifunza kutoka kwa marubani wa vita waliobaki na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege machoni bila jicho kuvikataa. Fani hii imejengwa juu ya kuona na kusimuliana. Sheria ya hataza ya Ulaya haijali hulka hiyo hata kidogo.

Kwa EPO, chochote kilichowafikia watu kabla ya tarehe ya ombi kinahesabiwa dhidi yako, hata kama msemaji ulikuwa wewe mwenyewe. Video ya dakika tano uliyoionyesha mkutanoni jana inaua ombi la leo. Zipo nafuu mbili tu za miezi sita, moja ya maonyesho rasmi machache ya kimataifa na nyingine ya mtu aliyekusaliti waziwazi, na mkutano wa kawaida wa madaktari haumo. Marekani inakupa mwaka mmoja: ukisema mwenyewe leo, una miezi 12 ya kuwasilisha ombi, na maneno yako hayatageuzwa kuwa fimbo ya kukuchapia.

Kwa hiyo kama tayari umeshaonyesha video, na mwaka haujapita, mjadala umekwisha. Nenda Alexandria, na usipoteze senti Munich kwa jambo lile ulilolisema.

Wengi hudhani kwamba kifaa kilichomo ndani ya jicho la mgonjwa hakijaonekana na mtu, basi ni siri. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaijibu hoja hiyo mwaka 1881, kwenye kesi ya Egbert dhidi ya Lippmann, iliyohusu vyuma vya kukaza koseti, vazi la ndani la kubana kiuno. Mbuni alikuwa amempa mwanamke mmoja, rafiki yake, vyuma hivyo avivae. Vilikaa ndani ya nguo ambako hakuna apitaye njiani angeviona, na mbuni alikaa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuomba hataza. Mahakama ikasema hayo ni matumizi ya hadharani: alivitoa bila sharti lolote la siri. Badilisha koseti uweke jicho, na utaelewa kwa nini mtu anayempa daktari mwenzake pete tatu "ajaribu" anacheza na moto. Ulaya nako mtu mmoja tu asiyefungwa na siri anatosha. Bodi za rufaa za EPO zimewahi kukubali kwamba timu iliyomo kwenye chumba cha upasuaji huchukuliwa kuwa imebanwa na usiri wa kitabibu, ila mimi nisingelalia mlango wazi kwa kutegemea hilo. Karatasi ya makubaliano ya siri ni ukurasa mmoja. Isainiwe kabla pete haijatoka mfukoni.

Unacho kitu, au unayo namna ya kufanya?

Hapa ofisi hizi mbili zinatengana waziwazi. Mkataba wa Hataza wa Ulaya, katika kifungu cha 53(c), haukubali hataza ya mbinu ya kutibu mwili kwa upasuaji. Pete yenyewe inakubalika. Namna ya kuiingiza, kuizungusha na kuishona haikubaliki. Kama uvumbuzi wako wote ni mwendo wa mkono, yaani unatumia pete ileile ya siku zote ila unaishona mahali papya, Ulaya huna kitu.

Marekani inaruhusu madai ya mbinu (madai ni zile sentensi za ombi zinazotaja hasa unachotaka kilindwe). Daktari Patricia Bath, aliyebuni kifaa cha kuondoa mtoto wa jicho kwa leza, alipata hataza ya Marekani namba 4,744,360 mwaka 1988 kwa kifaa, na mwaka 1998 akapata nyingine ambayo jina lake linataja mbinu na kifaa pamoja. Lakini usifurahie haraka. Daktari Samuel Pallin alipewa mwaka 1992 hataza ya namna ya kukata jicho kwenye upasuaji wa mtoto wa jicho ili kidonda kijifunge chenyewe bila kushonwa. Mwaka 1993 akamshtaki daktari mwenzake, Jack Singer, kwa kuitumia. Madaktari wa Marekani waliinuka kwa hasira. Mwaka 1996 madai yale yalibatilishwa mahakamani, na mwaka huohuo bunge likapitisha kifungu cha 287(c): mbinu tupu ya upasuaji inaweza kuwa na hataza, lakini daktari anayeitumia, pamoja na hospitali yake, hatozwi fidia. Una cheti ukutani na hakuna wa kumdai. Kinga hiyo haihusu mtu anayetumia kifaa chenye hataza kwa kuivunja hataza hiyo, ndiyo maana hata Marekani nguvu iko kwenye kifaa.

Basi weka uzito kwenye umbo: upana wa pete, ndoano inavyopinda, tundu lilipo, ncha zinavyokutana. Mbinu iandike kwenye maelezo, na kwa Marekani iongeze kama dai la pili. Ukifika Ulaya utaifuta bila kulia.

Kuna neno dogo linalowaangusha wengi kote kuwili. Ukiandika "pete ambayo ndoano yake imeshonwa kwenye sklera", umeliingiza jicho la mtu ndani ya dai lako. Sheria ya Marekani ya mwaka 2011 inakataza hataza kwa dai linalojumuisha mwili wa binadamu, na mkaguzi atakurudishia. Ulaya itakuambia kwamba kitu hicho kinakamilika pale tu daktari anaposhona, kwa hiyo umejaribu kupitisha upasuaji kwa mlango wa nyuma. Uamuzi T 775/97 wa bodi ya rufaa ya EPO, uliohusu mirija ya kuwekwa ndani ya mishipa ya damu, ulisema hivyohivyo. Andika "ndoano yenye tundu linalofaa kupitishiwa uzi wa kuifunga kwenye sklera", na pande zote mbili zitatulia.

Zitatulia kwa hilo, ila "linalofaa" nalo lina gharama yake. Dai la "pete inayofaa kuwekwa kwenye kifuko cha lenzi" linaweza kugongwa na pete ya kazi nyingine kabisa ilimradi umbo na ukubwa vinaruhusu. Pete ya kukazia vali ya moyo haiingii jichoni, sawa, lakini kama hukutaja kipimo chochote wala unyumbufu, Alexandria inaweza kukuletea mezani vyuma na plastiki ambavyo hukuwahi kuviota. Taja kipenyo, walau kama dai la akiba.

Mezani kwa mkaguzi

Ofisi zote mbili zinatafuta kwenye kabati moja. Tangu 2013 zinatumia mpangilio wa pamoja wa kuainisha hataza, CPC, ambamo lenzi za kupandikizwa jichoni ziko A61F 2/16. Kabla hujamlipa wakala wa hataza, fungua Espacenet, tovuti ya bure ya EPO, weka alama hiyo, na ukae jioni mbili tatu ukitazama michoro. Nusu ya mawazo "mapya" hufia hapo, na ni heri yafie hapo bila ada.

Tofauti iko kwenye namna ya kufikiri. Munich ina ngazi zake na haizirukii. Mkaguzi anachagua kitu kimoja kilicho karibu zaidi na chako, tuseme pete ya Cionni. Anataja tofauti. Anauliza tofauti hiyo inaleta matokeo gani ya kiufundi, kisha anageuza matokeo kuwa tatizo, na mwisho anauliza: fundi wa kawaida wa fani hii, akiwa na tatizo hilo mkononi, je, angefika hapo kweli? Si kwamba angeweza, bali angefanya. Uamuzi unabebwa na wakaguzi watatu, ingawa mmoja ndiye anayefanya kazi kubwa.

Namna hii inampenda mtu aliyeandika sababu zake. Kama ndoano yako ina mkunjo wa pili, na maelezo yako yanasema wazi kwamba mkunjo huo unauzuia uzi usisuguane na ukingo wa pete, una tatizo na una jibu. Kama uliuchora tu mkunjo bila kueleza una faida gani, mkaguzi atauona kama urembo.

Alexandria mkaguzi ni mmoja, na hoja zake huja kama kolagi. Atachukua pete iliyokuwapo, atachukua lenzi ya zamani yenye matundu ya kupitishia uzi kwenye mikono yake, ataviunganisha na kusema fundi yeyote angefanya hivyo. Tangu kesi ya KSR dhidi ya Teleflex, mwaka 2007, halazimiki kukuonyesha andiko linalosema "viunganishe hivi"; sababu ya akili ya kawaida inatosha ikielezwa vizuri. Pia anasoma maneno yako kwa upana wote unaokubalika. Ukisema "pete", anaweza kukuletea kitu chenye umbo la duara ambacho wewe usingekiita pete.

Lakini mkaguzi huyo anapatikana kwa simu. Hili watu hulidharau, nami naliona ndilo zuri kuliko yote Marekani. Wakala wako anaomba mazungumzo ya nusu saa, anaonyesha mchoro, anauliza "nikiongeza maneno haya, tutakuwa mahali gani?" Mara nyingi jambo lililokuwa limekwama kwenye barua linaeleweka hapo. Akitoa barua ya kukataa inayoitwa ya mwisho, si mwisho: unalipa ada na ukaguzi unaendelea. Kujibu una miezi mitatu, inayoweza kuvutwa hadi sita kwa kulipia. Ulaya kwa kawaida unapewa miezi minne, na mkishindwana unaitwa kwenye kikao cha mdomo, siku hizi kwa video.

Pia Marekani inakudai uaminifu wa aina yake: wewe na wakala wako mnalazimika kumpelekea mkaguzi kila andiko mnalolijua linalogusa suala hilo, hata lenye kuwaumiza. Mbuni akisoma makala ya Cionni halafu akainyamazia, hataza inaweza kuja kuvunjwa kwa sababu ya ukimya huo.

Mahali ambapo Ulaya haisamehi

Kifungu cha 123(2) cha mkataba wa Ulaya kinasema ombi haliwezi kurekebishwa likabeba jambo ambalo halikuwamo siku lilipowasilishwa. Marekani nayo ina kanuni ya namna hiyo, lakini EPO inaisoma kwa darubini. Mfano: umechora ndoano moja tu, yenye tundu la mviringo, iliyo katikati ya pete. Mkaguzi anakataa dai lako pana, nawe unataka kuongeza "ndoano yenye tundu". Munich itakuuliza: wapi ulisema tundu linaweza kuwa la umbo lolote? Wapi ulisema ndoano inaweza kuwa pengine zaidi ya katikati? Kama hukusema, utalazimika kuyabeba yote, mviringo na katikati, na mshindani wako atahamisha ndoano pembeni kidogo na kuuza zake kwa amani.

Uchungu unazidi kwa wale wanaoanza na ombi la muda la Marekani. Ombi hilo halikaguliwi. Linashika tarehe kwa miezi 12, na unaweza kuwasilisha hata kurasa tatu na mchoro wa penseli. Basi mtu anawasilisha kurasa zake tatu Januari, anaonyesha pete mkutanoni Aprili, mwezi Agosti anafikiria tundu la pili, na Desemba anawasilisha ombi kamili lenye matundu mawili. Marekani itamvumilia. Ulaya itasema: tundu la pili halikuwamo Januari, kwa hiyo tarehe yake ni Desemba, na video ya Aprili sasa inasimama dhidi yako. Mkaguzi anabaki na swali moja tu, kama kuongeza tundu la pili kwenye pete yenye tundu moja ni uvumbuzi. Wewe ungejibuje?

Kwa hiyo ombi la kwanza liwe nene. Ndoano moja, mbili, tatu. Tundu la mviringo, la mfuo, lililo wazi upande mmoja. Pete nzima na kipande. Kila umbo na sababu yake. Wino ni rahisi kuliko tarehe.

Ada na maadui

Ada hubadilika, kwa hiyo nitasema uwiano. Mbuni mdogo wa kweli, mwenye kipato chini ya kiwango kilichowekwa na asiye na zaidi ya maombi manne ya nyuma, hupunguziwa ada nyingi za USPTO kwa asilimia 80. EPO tangu Aprili 2024 hupunguza asilimia 30 kwa mtu binafsi au chuo kikuu chenye maombi machache. Madai ya ziada hulipiwa baada ya 15 Ulaya, na baada ya 20 Marekani. Ulaya inadai ada ya kila mwaka kuanzia mwaka wa tatu hata kabla hujapewa hataza. Marekani inasubiri hadi miaka mitatu na nusu baada ya kukupa. Mwenye mfuko mwembamba ataona mwenyewe upepo unavumia wapi.

Upande wa maadui, Ulaya inaacha mlango wazi miezi tisa baada ya kutoa hataza, na yeyote anaweza kuweka pingamizi litakaloiangusha nchi zote kwa mkupuo. Marekani nako hataza hupingwa ofisini, ila kwa gharama inayomfanya mpingaji afikiri mara mbili.

Na aliyeko Nairobi, Kampala au Dodoma?

Hataza ya Munich au Alexandria haimzuii mtu kutengeneza pete yako Mombasa. Kwa huku kuna ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki ubunifu, lenye makao Harare, ambako kwa ombi moja chini ya Itifaki ya Harare ya 1982 unataja nchi unazozitaka, Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zikiwamo. Burundi na Kongo ya Kinshasa hazimo, huko unaomba moja kwa moja. Au unakwenda ofisi ya nchi yako. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inachekesha kidogo kwa jinsi ilivyochukua kotekote: inakataza mbinu za upasuaji kama Ulaya, huku ikikusamehe maneno yako mwenyewe kwa miezi 12 kama Marekani.

Njia ambayo mimi ningemshauri mtu wa huku ni kupitia Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, PCT. Mtu binafsi, raia na mkazi wa Kenya, Uganda au Tanzania, hupunguziwa asilimia 90 ya ada ya ombi la kimataifa. Akichagua EPO ifanye utafutaji, ada ya utafutaji nayo inashushwa kwa asilimia 75. Maana yake kwa fedha kidogo unapata jicho kali la Munich likutazamie pete yako na kukuandikia maoni, kabla hujaamua kulipa popote. Una hadi mwezi wa 30 tangu tarehe ya ombi lako la kwanza kuingia Marekani, na wa 31 kwa EPO na ARIPO. Maoni yakirudi yakisema ndoano yako si mpya, umepoteza kiasi cha kuvumilika. Yakirudi mazuri, chukua simu uanze na Alexandria.